Nyayo za Kupanda

Pale Miti nilishuka garini peke yangu,
miguuni viatu vya marehemu baba,
namba arobaini na tatu, ncha zimejazwa vitambaa.
"Usivishike mkononi," mama alikuwa ameniambia,
"njiani watasema umeviiba. Vivae.
Ukifika kwa Cirimwami vua, mpe, urudi."
Hakuongeza neno. Alikuwa anachambua maharagwe.

Basi nikapanda.

Kwanza mikaratusi, mirefu, myembamba,
imesimama kama watu wanaongoja kuitwa majina,
harufu yake ikanifungua kifua
hadi mahali ambapo tangu msiba hapakuguswa.
Magome makavu yalivunjika chini ya soli,
kra, kra, na mwendo haukuwa wangu.
Baba alikanyaga kwa ukingo wa nje;
soli zimelika upande mmoja,
na kila nilipotaka kwenda sawa
viatu vilinivuta pembeni
kama ng'ombe anayejua zizi lake.

Baada ya mwitu, miti ya kinini.
Wanaume wawili walikuwa wanabandua magome,
na chini ya gome mti ni wa manjano, mbichi,
mtu anaona haya kuutazama.
Mmoja akanikatia kipande: "Onja, dada."
Nikaonja. Nikatema. Nikafika mtoni, nikanywa,
uchungu bado umekaa ulimini kama mwenye nyumba.
Nikasema moyoni: afadhali huu, una jina.

Ng'ambo ya mto mashamba yamebandikwa mlimani
kiraka juu ya kiraka:
maharagwe, muhogo, mtama ulioanza kuiva wekundu,
na migomba, migomba, mpaka macho yachoke.
Nyuma yangu, mbali chini, ziwa limetulia
na Idjwi mgongoni mwake, mtoto aliyesinzia.
Mbele Kahuzi amejifunika wingu, hataki salamu.

Wanawake watatu walikuwa wanashuka na makapu,
kamba kwenye paji la uso, shingo mbele, macho chini,
ndiyo maana walianza kuniona kwa miguu.
Wa kwanza akasimama.
"Asinge."
"Asinge, mama."
Hakuinua uso. Alisoma viatu, akasoma matope.
"Wewe ni M'Cibalonza," akasema.
"Mwendo huu ulipita hapa kila Jumamosi
na mkate wa mjini kwapani."

Kila Jumamosi.
Sisi tulidhani yuko kazini.

Lushoga ni nyumba kumi na moja na kanisa lisilo na kengele;
wametundika rimu ya lori, mtoto huipiga kwa jiwe.
Cirimwami alikuwa anasokota kamba mlangoni.
Hakuinuka. Mguu wake wa kulia umeishia gotini.

Nikavua. Nikasimama pekupeku mbele yake
nikiwa na viatu viwili, na aibu ambayo sikuileta mimi.
Akachukua cha kushoto, akatoa vitambaa,
akakivaa taratibu, akakanyaga mara tatu.
"Bado kinavuta upande," akasema, akacheka,
kisha akaacha kucheka.
Cha kulia akakijazia mbegu za maharagwe,
zile za madoa, mpaka mdomoni.
"Mpe mama yako. Asizipike."

Nikashuka na sapatu zangu,
kiatu kimoja kifuani, kizito kama kichanga.
Matope yalikuwa yametunza kila kitu:
ukingo wa nje, ukingo wa nje,
nyayo zote zikipanda.
Mimi nashuka, baba anapanda.
Pale penye njia nyembamba nilimpisha,
nikakanyaga majani ya kando, nikalowa hadi magotini.

Mvua ilinikuta kwenye kinini.
Nilifunika mdomo wa kiatu kwa kiganja
na sikugeuka kutazama nyuma.